Jibu Lililofika Kabla ya Swali

Msomaji wa Usenet, mtandao wa kompyuta wa majadiliano ya maandishi, mwaka 1983, awe Amsterdam au Berkeley, angeweza kufungua kompyuta asubuhi akakuta mtu anaipinga kwa ukali hoja ambayo haipo. Hoja yenyewe ingefika kesho yake jioni. Msuluhishi aliyejaribu kuwapatanisha wabishi alikuwa ameshafika juzi. Hakuna mtu aliyekosea hapo, wala mashine iliyoharibika. Mfumo ulikuwa unafanya kazi ileile uliyoundiwa.

Tatizo hili halikuwepo kwenye mifumo iliyotangulia. Mwaka 1973 David Woolley, kijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika programu ya majadiliano iliyoitwa Notes kwa ajili ya PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta. Watumiaji walitawanyika huku na kule, lakini kompyuta iliyohifadhi maneno yao ilikuwa moja, na saa yake moja. Jibu lilibandikwa chini ya hoja kwa kufuata zamu ya kupokelewa, basi. Kila mtu aliona ukurasa uleule, na kitu ambacho hakijafika kwako kilikuwa hakijafika kwa mtu yeyote.

Usenet haikuwa na kompyuta ya katikati. Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke kule North Carolina, waliibuni mwaka 1979, na Steve Bellovin wa chuo jirani cha Chapel Hill akaandika toleo la kwanza la majaribio kwa skripti ya mfumo endeshi wa Unix. Mashine za mwanzo zilikuwa tatu: duke, unc na phs. Zilizungumza kwa modemu na laini za kawaida za simu, kwa kutumia programu ya UUCP. Mashine moja inaipigia nyingine, inamwaga mafaili, inakata simu. Simu za mbali zilikuwa ghali, kwa hiyo nyingi zilipigwa usiku, bei ilipopungua.

Kila mashine ilikuwa na majirani iliokubaliana nao. Ujumbe mpya ukiandikwa, mashine inauhifadhi kwenye diski yake, halafu inaweka nakala kwenye foleni ya kila jirani. Jirani naye akiupokea anafanya vivyo hivyo kwa majirani zake, mpaka ujumbe umesambaa kote. Vitu viwili viliuzuia usizunguke milele. Cha kwanza ni mstari wa Path, ulioorodhesha mashine zote ambazo ujumbe umezipitia, zikitenganishwa kwa alama ya mshangao. Jina la jirani likiwa tayari limo, hatumiwi tena. Cha pili ni kitambulisho cha pekee, Message-ID, ambacho kila mashine ilikiandika kwenye daftari lake la kumbukumbu. Kikija tena kupitia njia nyingine, nakala hiyo inatupwa.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Ukiufuata utaratibu huu kwenye karatasi, jibu haliwezi kabisa kulipita swali. Tuchukue mashine tatu, tuziite Pwani, Bara na Ziwa. Swali limeandikwa Pwani, limefika Bara, na msomaji wa Bara anataka kulijibu. Ili alijibu, lazima swali liwe limeshaingia Bara. Na lilipoingia, Bara iliiwekea Ziwa nakala kwenye foleni. Jibu linaandikwa baada ya hapo, kwa hiyo linakaa nyuma ya swali katika foleni ileile. Hata simu ya moja kwa moja kati ya Pwani na Ziwa ikikatika mwezi mzima, Ziwa itapata swali kutoka Bara, kisha jibu. Kila laini ikiwa foleni ya haki, mpangilio unajilinda wenyewe bila mtu kuusimamia.

Ila foleni hazikuwa za haki. UUCP iliahidi kupeleka mafaili, haikuahidi kuyapeleka kwa zamu, na upande wa pili uliyashughulikia kwa utaratibu wake wenyewe. Ili kubana matumizi ya simu, jumbe zilifungwa pamoja kwa mafurushi yaliyobanwa; furushi moja likiharibika njiani au likikuta diski ya mpokeaji imejaa, lililofuata halikulisubiri. Baadaye, itifaki ya NNTP, yaani kanuni za kupitisha jumbe za Usenet kwenye intaneti, ilipokuja mwaka 1986 na mashine nyingi zikawa na majirani wengi wa kudumu, seva iliyokuwa katikati ya kupokea ujumbe kutoka kwa mmoja ingeweza kuukataa kwa mwingine ili isipokee mara mbili. Yule wa kwanza akikatika kabla ya kumaliza, ujumbe huo unabaki nyuma huku majibu yake yakiingia kwa mlango wa pili.

Kulikuwa pia na suala la vikundi, maana jumbe za Usenet ziligawanywa kwa mada, na kila mada ilikuwa kikundi chake. Swali liliulizwa kwenye kikundi kimoja, mwandishi akaelekeza majibu yaende kingine, na mashine yako inapokea hicho cha pili tu. Swali halijachelewa, halitafika kamwe. Na lililofika nalo halikukaa. Diski za wakati huo zilikuwa ndogo, kwa hiyo kila mashine ilifuta jumbe zilizokwisha muda, kila moja kwa ratiba yake. Jibu lililochelewa wiki tatu lilikuta swali limeshafagiliwa. Kwa msomaji, swali ambalo halijafika na swali lililokwisha kufutwa ni hali moja.

Mtu angesema: panga kwa tarehe. Kila ujumbe ulikuwa na mstari wa Date, na programu ingeweza kuzipanga jumbe zikishafika zote. Lakini tarehe hiyo iliandikwa na mashine ya mwandishi, na saa za mashine hizo zilirekebishwa kwa mkono na mtu aliyetazama saa ya ukutani, kama alikumbuka. Mashine ambayo saa yake ilikimbia mbele ilitoa majibu yanayoonekana kuandikwa wakati ambao haujafika. Tena watu waliandika majira kwa herufi: EST ilimaanisha pwani ya mashariki ya Marekani, na Waaustralia nao waliitumia EST kwa pwani yao ya mashariki, tofauti ya zaidi ya nusu siku. Waraka wa RFC 822 wa mwaka 1982 (RFC ni nyaraka zenye namba zinazoeleza kanuni za intaneti), uliokuwa msahafu wa muundo wa barua pepe, ulitoa pia herufi moja moja za majira za kijeshi, na kwa bahati mbaya ukazigeuza alama za kujumlisha na kutoa. Ilibidi waraka wa baadaye utangaze kwamba herufi hizo haziaminiki.

Namba nazo hazikusaidia. Kila mashine iliuhesabu ujumbe kwa zamu ya kuingia kwake yenyewe. Ujumbe wa 134 kwako ulikuwa wa 128 kwa jirani na wa 150 kwa mwingine. Namba hizo zilifaa kwa kazi moja, kukumbuka ulichokwisha kusoma, na ndivyo faili la .newsrc lilivyofanya: jina la kikundi, kisha masafa ya namba zilizosomwa. Ukimwandikia mtu wa mji mwingine "tazama ujumbe wa 134" ulikuwa unampoteza.

Kilichobaki ni kitambulisho. Mary Ann Horton, ambaye pamoja na Matt Glickman waliandika B News, programu ya kuendeshea Usenet, pale Berkeley mwaka 1981, ndiye aliyeandika RFC 850 ya Juni 1983 iliyoweka kanuni za jumbe za Usenet. Ndani yake kuna mstari wa References: kila jibu lazima litaje vitambulisho vya jumbe linazozijibu. RFC 1036 ya Desemba 1987 ikakaza kanuni hiyo. Anayejibu huchukua orodha ya References ya ujumbe anaoujibu, anaongeza mwishoni kitambulisho cha ujumbe wenyewe, na hiyo inakuwa orodha yake.

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mfumo ule, na ni rahisi kuudharau kwa sababu unaonekana mdogo. Waliacha kuuliza ujumbe uliandikwa lini, wakauliza unamjibu nani. Swali la kwanza linahitaji saa moja ambayo wote wanaiamini. La pili linajibiwa na mwandishi peke yake, pale alipo, bila kuwasiliana na yeyote. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alikuwa ameshalieleza jambo hili kinadharia katika makala yake ya Julai 1978: kwenye mfumo wa mashine zilizotawanyika, tukio moja limetangulia jingine ikiwa tu habari ya la kwanza iliweza kulifikia la pili. Yasipofikiana, hakuna la kwanza wala la pili. Yameenda sambamba, na kubishana lipi lilitangulia ni kazi bure. Watu wawili waliojibu swali lilelile bila kuonana ni sambamba kwa maana hiyo hasa.

Ndiyo maana pia swali jepesi lilizaa majibu arobaini yanayofanana. Kila mjibuji alitazama mashine yake, hakuona jibu, akaandika. Desturi ikazuka kwamba maswali ya aina hiyo yajibiwe kwa barua pepe kwa muulizaji, naye achapishe muhtasari mmoja kwa wote. Ilikuwa dawa nzuri, na muhtasari ukisahaulika, watu walikasirika.

Kwa nini orodha nzima ya mababu, badala ya mzazi peke yake? Kwa sababu ya zile foleni mbovu. Jibu likitaja mzazi tu na mzazi hayupo, limebaki yatima. Likitaja babu na bibi, programu inaweza kulishikiza kwenye ukoo hata mzazi asipofika kamwe. Orodha ziliporefuka mno, watu walianza kuzikata ovyo, hadi Henry Spencer wa Toronto, katika rasimu yake ya mwaka 1994 ya kanuni mpya za Usenet, akasisitiza kwamba ukilazimika kukata usiguse kitambulisho cha kwanza wala vitatu vya mwisho. Mzizi ukijulikana na ndugu wa karibu wakijulikana, katikati patajazwa na jumbe za wengine.

Ajabu ni kwamba taarifa hii ilikaa ndani ya jumbe miaka kadhaa kabla programu za kusomea hazijaitumia ipasavyo. Programu ya rn, aliyoiandika Larry Wall mwaka 1984 kabla hajabuni lugha ya kompyuta ya Perl, ilimruhusu msomaji kurukia ujumbe unaofuata wenye kichwa kilekile. Kichwa kilitosha mara nyingi, kwa kuwa kanuni ziliagiza jibu lianze na herufi nne kamili: "Re: ", pamoja na nafasi. Mtu akibadilisha kichwa, uzi wa mazungumzo umekatika; wawili wakianzisha mada tofauti zenye kichwa "Msaada", nyuzi zimefungana. Baadaye programu za barua za Wajerumani zikaanza kuandika "AW:" na za Waskandinavia "SV:", na kila jibu likaonekana mada mpya. Ilikuwa programu ya trn, ya Wayne Davison, iliyowazoesha wengi kuona mti wa mazungumzo umechorwa kwenye kona ya skrini, matawi yakitoka kwenye References.

Kuuchora mti huo kutokana na jumbe zilizofika shaghalabaghala kunahitaji hila moja, na Jamie Zawinski, aliyeandika programu ya barua pepe na Usenet ya kivinjari cha Netscape katikati ya miaka ya 1990, aliieleza vizuri kuliko wote. Usianze na jumbe, anza na vitambulisho. Kila kitambulisho unachokutana nacho, kiwe cha ujumbe ulionao au kimetajwa tu kwenye References, kitengenezee chombo. Ujumbe ukiwepo unauweka ndani ya chombo chake; usipokuwepo, chombo kinabaki kitupu lakini kina nafasi yake kwenye mti, kina mzazi na kina watoto. Sasa mpangilio wa kufika haujalishi tena. Jibu likitangulia, linamtengenezea mzazi wake kiti. Mzazi akifika keshokutwa, anakuta kiti kinamsubiri, watoto wameshapangwa chini yake.

Mwishoni unafanya usafi. Chombo kitupu kisicho na mtoto kinaondolewa. Kitupu chenye watoto kinaondolewa na watoto wanapandishwa kwa babu yao. Ila kikiwa kwenye mzizi na kina watoto zaidi ya mmoja unakiacha, maana ndicho pekee kinachoonyesha kwamba hao ni ndugu. Na njiani kote unajihadhari na duara. Kuna jumbe, kwa hitilafu ya programu au kwa utundu wa mtu, zinazodai kwamba A ni mtoto wa B na B ni mtoto wa A, na programu isiyokagua itazunguka humo mpaka uizime. Mwaka 2008 njia hii iliingizwa kwenye viwango vya intaneti kupitia RFC 5256, kwa ajili ya seva za barua pepe.

Mti hauna jibu kwa kila kitu. Ndugu wawili chini ya mzazi mmoja wapangwe vipi? Hapo programu nyingi zinarudi kwenye tarehe ileile isiyoaminika, kwa kukosa kitu bora. Na References inasema mwandishi alibonyeza kitufe cha kujibu kwenye ujumbe gani. Haisemi alikuwa amesoma nini kingine. Mtu anaweza kujibu tawi hili huku hasira zake zimetoka tawi lile.

Kabla ya programu hizo, na hata baada yake, wasomaji walijitafutia dawa: kunukuu. Mistari inayoanza na alama ya ">" ilibeba maneno ya aliyejibiwa ndani ya jibu lenyewe, ili msomaji ambaye hajapata ujumbe wa kwanza aelewe kinachozungumzwa. Mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa kama RFC 1855 mwaka 1995 ulitoa sababu hiyohiyo waziwazi: jumbe husambazwa kutoka mashine hadi mashine, kwa hiyo inawezekana mtu akaona jibu kabla ya kuona lililojibiwa, mpe muktadha. Wengi wetu tulioikuta desturi hiyo kwenye barua pepe tuliichukulia kuwa mapambo.

Ikapitiliza, bila shaka. Watu walinukuu ujumbe mzima wa kurasa tatu wakaongeza "nakubaliana". Simu zililipiwa kwa dakika, na kila nakala ya nukuu ilisafiri tena kwenda kila mahali. Programu ya kuchapisha jumbe, inews, ikaanza kukataa ujumbe wenye mistari mingi ya nukuu kuliko mipya. Waandishi wakaitikia kama ungetarajia: walibadilisha alama ya nukuu ili programu isiitambue, au wakajaza mistari isiyo na maana chini ya jibu mpaka hesabu ikubali.

Kulikuwa na aina moja ya ujumbe ambayo kufika mapema kulileta balaa zaidi: amri ya kufuta. Mwandishi aliyejutia alichoandika alituma ujumbe maalumu unaotaja kitambulisho cha ule wa kwanza na kuziagiza mashine ziuondoe. Amri ikifika mapema, hakuna cha kufuta. Ukiipuuza, ujumbe unaokataliwa na mwenyewe utaingia kesho na kubaki. Suluhisho lilikuwa kukiandika kitambulisho hicho kwenye daftari la kumbukumbu kana kwamba ujumbe umeshapokelewa. Ukija, unatupwa kama nakala iliyorudiwa. Lakini mashine itajuaje kwamba aliyetoa amri ndiye mwandishi? Uhakiki ulifanywa kwa kulinganisha jina la mtoa amri na jina lililo kwenye ujumbe wa kwanza, ambao haupo bado. Msimamizi wa seva alikuwa na machaguo mawili tu: ahakiki na azipoteze amri zinazotangulia, au azikubali zote na awape wakorofi nafasi ya kufuta maneno ya wengine hata kabla hayajafika. Wakorofi walijitokeza.

Mtandao mwingine wa zama hizo ulikuwa FidoNet, aliouanzisha Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984, kompyuta za nyumbani zikipigiana simu usiku. Majadiliano ya pamoja, Echomail, yaliongezwa na Jeff Rush mwaka 1986. Mwanzoni jumbe zake hazikuwa hata na vitambulisho vya pekee. Vilipowekewa kanuni mwaka 1991, jibu lilitaja mzazi mmoja tu, kwa hiyo ujumbe mmoja ukipotea mnyororo ulikatika hapo. Huu ndio mtandao uliotufikia mapema huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti ya moja kwa moja, mashirika na vyuo vikuu vya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam vilipata barua pepe kwa njia hiyo, jumbe zikipitia lango la GreenNet, mtandao wa mashirika ya kiraia, lililokuwa London. Laini ilikuwa mbaya, simu ya kimataifa ghali ajabu, na jumbe zilikaa foleni mpaka simu ipatikane na ishike. Aliyeshiriki mjadala wa kimataifa kutoka huku aliujibu ukiwa umeshahamia kwingine.

Majukwaa makubwa ya leo yamerudi kwenye mtindo wa PLATO: kampuni moja, hifadhi moja, na mpangilio wanaouamua wao. Tatizo la Usenet limeibuka upya kwenye mitandao ya kijamii isiyo na kitovu, kama Mastodon, inayotumia itifaki ya ActivityPub iliyoidhinishwa Januari 2018. Huko jibu hutaja mzazi mmoja, kama FidoNet, lakini kitambulisho chenyewe ni anwani ya wavuti. Seva iliyopokea jibu la yatima inaweza kwenda kumchukua mzazi, kisha babu, mpaka mzizi. Kupanda juu ni rahisi. Kushuka ndiko kugumu, maana orodha ya watoto wote iko kwenye seva ya mzazi, na seva yako, isipokwenda kuwatafuta, inawajua wale tu waliopita mlangoni kwake. Watu wawili kwenye seva mbili wanaweza kutazama mjadala mmoja, mmoja akaona majibu matatu na mwingine thelathini. Na amri ya kufuta ikitangulia ujumbe wake, seva ya Mastodon hukiweka kitambulisho kando kwa saa chache. Ujumbe ukitokea ndani ya muda huo, haupokelewi.